Vidonge vya Magoti: Yatupasa Kujua Tunachomeza

Mkulima wa skimu hii ukimwuliza dawa gani anapiga viazi vyake majani yasioze, atakutajia jina lake bila kusita. Atakwambia pia anapima kiasi gani katika bomba la lita 20, na siku ngapi hungoja kabla ya kuchimba. Lakini mwulize jina la kidonge alichomeza asubuhi kwa ajili ya mgongo wake. Atajibu, "Ni kile cha rangi ya waridi," au, "Ni kile cha shilingi kumi." Tumbo lake amelipa heshima ndogo kuliko viazi vyake.

Mimi si daktari. Ni karani katika ofisi ya kilimo hapa Kinangop. Kabla ya hapo nilisomea ualimu, na wazee wengi bado huniita Mwalimu. Haya ninayoandika nimeyauliza kwa daktari na kwa bwana mmoja mwenye duka la dawa aliyesomea kazi yake, nikayaandika katika daftari, kisha nikawasomea tena ili wanisahihishe. Sababu ya kuuliza ni jambo lililotokea mbele ya meza yangu.

Ilikuwa wakati wa kuchimba viazi vya mvua ndefu. Nyanya mmoja aliingia ofisini kuuliza habari za mbegu safi kutoka Tigoni. Nyanya huyu alikuja Kinangop mwaka 1963 akiwa msichana wa miaka 10, wazazi wake walipopewa shamba katika skimu, na tangu siku hizo hajaliweka jembe chini. Nilimwona amepauka uso, nikamwambia, "Nyanya, kaa kwanza. Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu. Ni kizunguzungu tu. Magoti yalinisumbua usiku, lakini nimeshameza dawa."

Nikageuka kutafuta faili ya mbegu. Nilipogeuka tena alikuwa ameinama juu ya meza, kisha akateleza mpaka sakafuni.

Tulimchukua katika gari la Bwana Shamba mpaka hospitali. Huko walimtazama viganja vya mikono na ndani ya kope za macho, wakaona ni vyeupe kama karatasi. Wakamwuliza habari za choo chake. Akasema kwa haya kwamba tangu siku tano kilikuwa cheusi kama lami, cha kunata, tena chenye harufu mbaya, lakini alidhani ni kwa sababu ya mboga za managu. Haikuwa managu. Ilikuwa damu yake mwenyewe, ikitoka tumboni kidogo kidogo mchana na usiku. Damu ikipita katika matumbo hubadilika ikawa nyeusi, na ndiyo maana watu wengi hawaitambui.

Alihitaji chupa tatu za damu. Ya aina yake ilikuwapo chupa moja tu, kwa hiyo mwanawe na jirani wawili walitoa damu siku hiyo hiyo. Baadaye daktari alimpitishia mpira mwembamba wenye taa kooni, akaona vidonda viwili tumboni, kimoja kikitoka damu. Nyanya hakusikia uchungu wa tumbo hata siku moja. Nilipouliza inawezekanaje, daktari alisema jambo hilo ni la kawaida, hasa kwa wazee: dawa inayonyamazisha goti hunyamazisha na kidonda cha tumbo, na mgonjwa hajui kitu mpaka aanguke.

Daktari akaagiza waletewe dawa zote zilizokuwa nyumbani. Mjukuu alizileta katika mkebe wa kakao, na kwa kuwa nilikuwa pale niliombwa kusaidia kusoma maandishi madogo. Daktari alizipanga juu ya meza moja moja, kama mtu achaguaye mbegu.

Kwanza kulikuwa na kikaratasi kidogo kisicho na jina la dawa, kimeandikwa "1 x 2" tu, na ndani yake vidonge vya rangi ya waridi. Vilikuwa diklofenaki za miligramu 100, zilizonunuliwa dukani. Pili, vidonge vya Brufen vya miligramu 400, zawadi ya jirani aliyepona mkono. Tatu, pakiti ya dawa ya kichwa kutoka duka la sukari na chumvi. Tulipoisoma nyuma tukakuta ndani yake mna aspirini. Nne, aspirini ndogo ya miligramu 75, aliyoandikiwa kliniki kwa ajili ya moyo. Tano, vidonge vya presha.

"Unaona, mwalimu," akasema daktari, "mama huyu amemeza dawa za ukoo mmoja kutoka mifuko minne, na kila mfuko aliona ni dawa nyingine kwa sababu rangi zake si moja."

Basi hapo ndipo ilipo hatari, na ndilo ninalotaka kila msomaji alishike. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, naprokseni, indometasini, piroksikamu, meloksikamu na nyingine kadha ni ndugu wa baba mmoja. Kazi yao ni kutuliza maumivu na kupunguza uvimbe. Kampuni nyingi huzitengeneza na kuzipa majina mengi ya biashara, kama Brufen na Voltaren. Jina kubwa la mbele ni la biashara. Jina la dawa yenyewe huwa limeandikwa kwa herufi ndogo chini yake, kwa Kiingereza, na mara nyingi utalitambua kwa mwanzo wake: ukiona Ibu, au Diclo, au Napro, jua umekutana na ukoo huo. Kumeza mbili za ukoo huu pamoja hakuongezi nafuu kama watu wanavyodhani. Kunachoongezeka ni madhara.

Panadol, ambayo jina lake la dawa ni parasetamoli, si ya ukoo huu. Hiyo nitaieleza mbele.

Sasa kwa nini dawa ya goti iumize tumbo? Mtu akiumia, au kiungo kikichakaa, mwili hutoa pale vitu viitwavyo prostaglandini. Hivyo ndivyo huleta uvimbe, joto na maumivu. Dawa hizi huzuia mwili usivitengeneze. Aliyegundua jambo hili ni mtaalamu wa Uingereza, John Vane, mwaka 1971, na mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Watu walikuwa wakimeza aspirini tangu mwaka 1899 bila kujua inafanyaje kazi.

Lakini prostaglandini hazina kazi ya kuleta maumivu tu. Tumboni huulinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi yake wenyewe, na katika figo husaidia damu ipite vizuri. Dawa haiwezi kuchagua. Ikizima moto wa goti, huondoa na ukuta wa tumbo. Ni kama mtu aliyekata miti yote ya mpakani ili apate kuni, kisha mvua ikachukua udongo wake.

Hapa kuna kosa ambalo nimelisikia kwa watu wengi, hata kwa mwenzangu wa ofisini. Wanasema, "Mimi tumbo langu ni baya, kwa hiyo sipigi vidonge, nadungwa sindano." Sindano ya diklofenaki haikwepi tumbo. Dawa ikiisha kuingia katika damu hufika tumboni kwa njia ya damu, na kule huzuia ule ulinzi vilevile. Kadhalika chakula: kumeza dawa baada ya kula ni jambo jema, hupunguza kichefuchefu na kiungulia, lakini hakuzuii kidonda. Asiseme mtu, "Nimekula ugali, basi nimejikinga."

Walio katika hatari kubwa zaidi ni wazee waliopita miaka 60, waliowahi kuugua vidonda vya tumbo, wanywaji wa pombe, wavutao tumbaku, na wale wanaomeza dawa za kuyeyusha damu kama warfarini au dawa kama prednisoloni. Pia kuna kijidudu kiitwacho helikobakta kinachokaa tumboni mwa watu wengi. Chenyewe huleta vidonda, na kikikutana na dawa hizi mambo huwa mabaya zaidi. Kinapimwa, na kinatibiwa kwa dawa. Mtu ambaye lazima atumie vidonge vya maumivu kwa muda mrefu na amewahi kuugua tumbo, amwombe daktari ampime kijidudu hiki kwanza. Daktari aweza pia kumwongezea dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli.

Nikiulizwa dalili zipi zisingoje kesho, nitasema hizi: choo cheusi cha kunata, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, kizunguzungu pamoja na kupauka, na maumivu ya tumbo ya ghafula yasiyoachilia. Acha dawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama lori la viazi limesimama shambani.

Tukiacha tumbo, kuna figo. Mkulima anayechimba tangu alfajiri mpaka saa nane bila kunywa maji, mwili wake umekauka. Wakati huo figo hutegemea zile prostaglandini ili zipate damu ya kutosha. Akimeza diklofenaki mbili ili amalize mstari wake, amezifungia figo mfereji. Ni hivyo hivyo kwa mtu anayehara au kutapika. Na wenye presha wasikie vizuri zaidi, maana hapa Nyanya alikuwa na jambo la pili. Presha yake ilikuwa imepanda tangu miezi kadha, na kliniki wakamwongezea dawa. Hakuna aliyemwuliza kama anameza kitu kwa ajili ya magoti, wala yeye hakutaja, kwa kuwa hakuona uhusiano. Dawa hizi hupandisha presha, kwa sababu huufanya mwili ushike maji na chumvi, tena hupunguza nguvu ya vidonge vya presha vyenyewe. Mtu anayemeza enalaprili au losatani pamoja na dawa ya kukojoza maji, kisha akaongeza diklofenaki juu yake, aweza kuharibu figo zake kwa muda mfupi. Kuvimba miguu na kukojoa kidogo kuliko kawaida ni dalili.

Kwa wale wanaodhani maneno ya figo ni ya kutisha watu tu, nitaeleza habari ya ndege tai wa India. Huko wafugaji walikuwa wakiwadunga ng'ombe wagonjwa diklofenaki. Ng'ombe akifa, mzoga hutupwa, na tai huula. Tangu miaka ya 1990 tai walianza kufa kwa maelfu na maelfu, hata aina moja iliyokuwa imejaa kila mahali ikapungua mpaka katika kila ndege 100 hakubaki hata mmoja. Watu walidhani ni maradhi ya kuambukiza. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza sababu: figo za tai ziliharibiwa na dawa iliyobaki katika nyama. Mwaka 2006 India, Nepal na Pakistan zilikataza diklofenaki ya mifugo. Binadamu si tai, figo zetu zina nguvu zaidi, lakini ni dawa ile ile. Mimi sasa kila nikipita Hell's Gate na kuwaona tai juu ya majabali, namkumbuka Nyanya na mkebe wake wa kakao.

Moyo nao umo. Mwaka 1999 ilitoka dawa mpya ya ukoo huu, Vioxx, iliyosifiwa kuwa haitaumiza tumbo. Mwaka 2004 iliondolewa sokoni dunia nzima kwa kuwa ilizidisha shtuko la moyo na kiharusi. Diklofenaki nayo huzidisha hatari hiyo, hasa ikimezwa kwa wingi na kwa muda mrefu. Mwaka 2013 wakuu wa dawa wa Ulaya waliagiza kwamba wagonjwa wa moyo na waliopata kiharusi wasipewe. Mwenye shida ya moyo asijinunulie dawa hizi. Lakini ile aspirini ndogo aliyopewa na daktari kwa ajili ya moyo asiiache kwa kusoma makala hii. Amwulize daktari kwanza. Ajue pia kwamba ibuprofeni yaweza kuizuia aspirini ile isifanye kazi yake.

Nisije nikaeleweka kwamba dawa hizi ni sumu ya kutupwa. Hapana. Mtu aliyeteguka kifundo, aliyeng'olewa jino, au ambaye kiungo kimevimba na kuwaka moto, hupata nafuu kwazo kuliko kwa nyingine. Maumivu nayo ni kazi kuyabeba, na mkulima asiyelala usiku hawezi kukamua saa kumi na moja. Jambo ni kipimo na siku.

Kipimo cha ibuprofeni kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine ni miligramu 200 au 400, mara tatu kwa siku, baada ya chakula na maji ya kutosha. Bila amri ya daktari isizidi miligramu 1,200 kwa siku moja. Diklofenaki isizidi miligramu 150 kwa siku. Sasa mtazame Nyanya: alikuwa akimeza ya 100 asubuhi na ya 100 jioni, kama kikaratasi kilivyosema. Tayari alikuwa amepita kipimo kabla hajafungua Brufen ya jirani. Vidonge vya 50 na vya 100 vyaweza kufanana, kwa hiyo tazama namba, wala usihesabu vidonge tu. Anza na kipimo kidogo, tumia siku chache, na maumivu yakipita juma moja usinunue tena, nenda ukapimwe. Kama una homa, nenda mapema zaidi, maana dawa hizi huteremsha homa na kuficha malaria au ugonjwa mwingine unaoendelea ndani.

Kwa maumivu mengi ya kawaida daktari alisema anza na parasetamoli. Haichomi tumbo wala haizibi figo kwa namna ile. Mtu mzima aweza kumeza vidonge viwili vya miligramu 500, kisha angoje si chini ya saa nne, na visizidi vidonge vinane kwa siku nzima, mchana na usiku. Ukizidisha, ini huharibika, na mgonjwa aweza kufa baada ya siku chache huku mwanzoni akijiona mzima. Mnywaji wa pombe nyingi na mtu aliyekonda sana wamwulize daktari wapunguze kiasi gani. Na tazama, dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani.

Kwa magoti na mikono kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui: diklofenaki ya kupaka. Hupakwa juu ya goti lenyewe, na dawa inayoingia katika damu ni kidogo sana kuliko ya kidonge. Kwa mtu mzee mwenye magoti yaliyochakaa, daktari wengi huanza na hii kabla ya kidonge. Usiipake juu ya kidonda. Kitambaa cha maji moto husaidia, na mazoezi ya kukaza misuli ya paja kila siku husaidia zaidi, ijapokuwa kumwambia mkulima afanye mazoezi ni kumchekesha. Nitaongeza shauri la ofisi yangu: sheria ya mwaka 2019 ilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Mnunuzi akikuletea gunia la kushonewa kofia juu, anakudhulumu bei, na anauvunja mgongo wako pia.

Wajawazito wasimeze dawa hizi tangu juma la 20 la mimba ila kwa amri ya daktari, kwa sababu huziumiza figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Karibu na kuzaa zaweza kuharibu mshipa wa moyo wa mtoto. Aspirini ndogo ambayo kliniki huwapa kina mama wengine kuzuia presha ya mimba ni jambo jingine, isiachwe. Watoto na vijana walio chini ya miaka 16 wasipewe aspirini, maana yaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Mtoto mwenye tetekuwanga asipewe ibuprofeni. Wenye pumu wawe macho: baadhi yao hubanwa kifua mara tu wamezapo dawa za ukoo huu. Na mkulima anayekwenda Mombasa kuuza kabichi akapatwa na homa huko, ameze parasetamoli mpaka apimwe, kwa kuwa Pwani kuna homa ya dengi, na aspirini au ibuprofeni zaweza kuzidisha kutoka damu.

Sasa nije katika mambo ya zizi, ambayo ndiyo karibu na kazi yetu. Mwezi baada ya habari ya Nyanya, bwana mmoja alinijia akanong'ona, "Mwalimu, daktari wa mifugo aliacha chupa ya ng'ombe aliyevimba kiwele. Ni ya kutuliza maumivu. Mimi mgongo wangu unaniua. Je, si dawa ile ile?" Nilimwomba anioneshe chupa. Ilikuwa fenilbutazoni. Watu waliwahi kuimeza zamani, lakini nchi nyingi ziliiondoa katika matumizi ya kawaida ya binadamu kwa kuwa iliharibu mafuta ya ndani ya mifupa yanapotengenezwa damu, na wengine walikufa. Tena chupa ya ng'ombe imepimwa kwa mnyama wa kilo 400 au 500. Bwana yule aliirudisha chupa kwa daktari wa mifugo, nami nilimpa kiti changu chenye mgongo mpaka alipomaliza shauri lake.

Na ng'ombe aliyedungwa dawa ya namna hii, maziwa yake yasipelekwe ushirika mpaka zipite siku zilizoandikwa katika chupa. Kila dawa ina siku zake. Mwulize daktari wa mifugo akuandikie tarehe, wala msimpe mtoto maziwa hayo mkisema ni ya nyumbani tu. Mbwa wa boma naye akichechemea asipewe Brufen yako. Kiasi kidogo kwa mtu hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake, na kwa paka ni vibaya zaidi.

Kuhusu kununua: duka la dawa, au kemisti kama tuliitavyo, lazima liwe limeandikishwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na hati yake itundikwe ukutani. Itafute kwa macho. Ukipewa vidonge vilivyohesabiwa katika kikaratasi, mwombe auzaye aandike jina la dawa na miligramu, si "1 x 2" peke yake. Sisi makarani tunajua faili isiyo na jina huishia wapi. Mwambie pia kila dawa nyingine unayomeza. Akikujibu kwa hasira, nenda duka jingine. Na dawa za miti shamba za viungo zinazoletwa sokoni na wachuuzi, zile ambazo huondoa maumivu kwa usiku mmoja kama muujiza, nina wasiwasi nazo. Katika nchi nyingi dawa za namna hiyo zikipimwa zimekutwa zimechanganywa kwa siri na diklofenaki au deksamethasoni.

Nyanya alilala hospitali siku tisa. Viazi vyake viliuzwa vikiwa ardhini, kwa bei aliyotaka mnunuzi, na ng'ombe mmoja wa maziwa aliuzwa pia. Alipotoka, mjukuu wake aliyeko darasa la saba alichukua daftari lile lile wanaloandika maziwa ya kila siku, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja ni lita za asubuhi na jioni. Upande wa pili ni dawa za Nyanya: jina, miligramu, saa, na nani aliyeitoa. Siku za kliniki hulibeba daftari hilo katika kikapu. Presha yake ilishuka majuma machache baada ya kuacha vile vidonge vya waridi, na ile dawa aliyoongezewa ikapunguzwa.

Juma lililopita alikuja tena ofisini, anatembea na fimbo, na goti la kushoto amelifunga kitambaa. Alisema bado linauma asubuhi, lakini dawa ya kupaka inamwezesha kufika zizini. Kisha akaniuliza kwa nini faili ya mbegu ya Shangi ilimchukua karani miezi yote ile kuipata.